Siri Aliyoiandika Binti wa Mwami

Jumapili ile Euphrasie alibadilisha nguo mara tatu, na mara zote tatu akarudia gauni lile lile la buluu. Saa saba mchana alikuwa dirishani kwa mama yake, katika mji wa Savage, akitazama gari la kuondoa theluji likipita na kurudi. Kila liliponguruma moyo wake uliruka, akidhani ni Naftali.

"Keti, ma fille, binti yangu," mama yake alisema bila kuinua macho. "Binti wa nyumba hii hachungulii dirishani kama mtu anayesubiri basi."

Euphrasie aliketi. Mikono yake ilikuwa baridi hata ndani ya nyumba.

Mama yake alikuwa mjane wa mwami, mtawala wa milima ya Kivu ambako hadi leo wazee humtaja mumewe kwa sauti ya chini. Vita viliwatoa kule, miaka ya kambini ikawala, na mwisho ndege ikawashusha Minnesota, Amerika, wakiwa na masanduku mawili. Lakini hata hapa, katika nyumba ya kupanga yenye zulia la kijivu, wanawake wa Kongo waliokuja kumsalimu walipiga magoti na kupiga makofi taratibu kabla ya kukaa. Wote walimwita Mwamikazi, mke wa mwami. Naye aliwapokea kwa kuinua vidole viwili tu.

Leo mwanamume anayempenda Euphrasie angeletwa mbele ya vidole hivyo. Naftali alikuwa Mkisii kutoka Kenya, nesi katika kliniki ya figo huko Bloomington, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa Mwamikazi, hilo peke yake lilitosha kuharibu chakula.

Kulikuwa na hofu nyingine, na hiyo Mwamikazi hakuijua.

Kwa mwaka mzima Euphrasie alikuwa akiandika riwaya. Kila Ijumaa alituma sura moja kwenye kundi la WhatsApp lenye wasomaji zaidi ya mia tisa, kuanzia Richfield hadi Nairobi na Brussels, akitumia jina la uongo: Bibi Kito. Riwaya iliitwa *Pazia la Mwamikazi*. Ndani yake walikuwamo watu wakubwa aliokua akiwatazama: mashangazi waliopima wageni kwa viatu vyao, harusi za Bukavu zenye lesi za Ulaya, mabibi waliokunywa chai pamoja asubuhi na kuzikana hai jioni. Aliandika kwa sababu alikuwa amekaa kimya miongoni mwao kwa miaka mingi mno. Wasomaji walipagawa. Hakuna aliyejua mwandishi ni nani. Hata Naftali hakujua.

Na Ijumaa iliyopita, katika sura ya hamsini, alikuwa ameandika jambo ambalo hakupaswa kuliandika.

Kengele ya mlango ililia.

Naftali aliingia akiwa amevaa suti nyeusi, theluji ikiyeyuka mabegani. Alimtafuta Euphrasie kwa macho kabla ya kumtafuta mtu mwingine yeyote, na alipompata akatabasamu kidogo, tabasamu lile la mtu aliyefika nyumbani. Nyuma yake alikuja dada yake mkubwa, Kemunto, mwanamke mnene mchangamfu aliyebeba hotpoti kubwa, chombo cha kutunza chakula kikiwa moto, kama anayebeba mtoto.

"Shikamoo, Mama," Naftali alisema, akiinama.

Mwamikazi aliinua vidole viwili. Naftali, ambaye hakufundishwa desturi hiyo, alivishika vyote viwili kwa mikono yake miwili na kuvitikisa. Mzee Birindwa, mdogo wa marehemu mwami, alikohoa kwa kuudhika. Kemunto akaweka hotpoti mezani.

"Mama, nimewaletea chapati. Nimeambiwa kwenu mnakula sombe, nikasema wacha zikutane!"

Walikaa. Kulikuwa na ugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, dagaa wa ziwa Kivu, waliokaangwa hadi wakawa wanalia mdomoni. Mzee Birindwa hakungoja watu wameze.

"Monsieur Naftali. Kwenu ninyi ni watu wa nyumba gani?"

"Baba alikuwa mwalimu, Mzee. Na ndizi tulilima."

"Ndizi," Mzee Birindwa alirudia, kama mtu aliyepewa senti bandia.

"Nzuri sana," Naftali alijibu kwa upole, na chini ya meza goti lake likagusa goti la Euphrasie. Usiogope, goti lile lilisema. Euphrasie karibu aanze kuamini kwamba siku itapita salama.

Kemunto, akiona ukimya umekuwa mzito, alifanya alichofanya kila mahali: aliujaza.

"Aki, mimi nikisikia mtu akiitwa Mwamikazi nakumbuka ile hadithi ya Ijumaa! Mnaisoma? *Pazia la Mwamikazi*?"

Kijiko cha Euphrasie kiligonga sahani.

"Hadithi gani?" Mwamikazi aliuliza.

"Ya WhatsApp, Mama. Kazini kwetu tunaisoma wote. Kuna huyo mama mkubwa, anapokea wageni nyuma ya pazia ili awaone kabla hawajamwona. Anaangalia viatu! Kama viatu ni vibaya, anaamuru waambiwe amelala."

"Pazia la namna gani?"

"La mahameli, jekundu. Limetoka Ulaya. Lakini upande mmoja chini limeungua na mshumaa, kwa hivyo huwa wanalikunja hapo ili watu wasione."

Mwamikazi aliacha kutafuna. Pazia lile liliungua usiku wa Krismasi, Euphrasie akiwa na miaka saba, na waliojua walikuwa watu wa nyumbani tu. Taratibu, mama aligeuza uso akamtazama binti yake. Euphrasie aliangalia bakuli la sombe. Damu ilikuwa ikimpiga masikioni.

"Dada, kula kwanza," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Sambaza watapoa."

"Nakula, mpenzi. Lakini ngoja niwaambie sura ya juzi, nililia mpaka nikachelewa shift! Huyo binti wa mwami ana mpenzi, mwanamume maskini anayefanya kazi ya kuhudumia wazee huku Amerika. Baba yake anakufa nyumbani. Hana makaratasi ya kusafiri. Siku ya mazishi yuko kazini, basi anajificha kwenye laundry, kile chumba cha kufulia, anatazama mazishi kwa simu. Amesimama. Hakuna kiti. Mashuka ya wazee yanazunguka kwenye mashine mbele yake, na sauti ya mashine inafunika sauti ya mchungaji, kwa hivyo hasikii maombi. Anaona tu watu wakifungua midomo. Jeneza linashuka. Halafu mashine inasimama, inalia pii, naye anafuta uso, anatoa mashuka, anaenda kutandika vitanda."

Goti la Naftali lilikuwa limeondoka.

Euphrasie hakuthubutu kumtazama. Alijua kila neno. Naftali alikuwa amemnong'oneza maneno hayo mwezi wa kumi, ndani ya gari, kando ya ziwa, mvua ikinyesha, na baada ya hapo akalaza kichwa begani kwake na kusema: sijawahi kumwambia mtu.

"Na yule binti," Kemunto aliendelea, machozi yakimlengalenga, "mnajua alifanya nini? Alienda kwenye karamu ya wenzake, akawasimulia! Wakacheka! Mmoja akauliza, 'Alikuwa anamlilia baba au alikuwa analilia mashuka?' Mimi huyo binti nikimpata..."

"Dada," Naftali alisema.

"Nikimpata, naapa..."

"Dada. Inatosha."

"Kwani na wewe umeisoma?"

"Sikuisoma." Alikuwa ameweka mikono yote miwili mezani, imelala kama vitu vya mtu mwingine. "Nilikuwepo."

Kemunto alicheka nusu, kisha kicheko kikamfia. Yeye siku ile alikuwa Kisii, kando ya kaburi, ameshika simu iliyokuwa ikirusha mazishi.

"Lakini ulituambia ulipewa ruhusa kazini," alisema polepole. "Ulisema uko na pastor, na watu wa kanisa. Ulisema mlitazama pamoja kwenye televisheni."

"Ningewaambia nini, Dada? Mlikuwa mnazika."

Naftali alimgeukia Euphrasie. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Euphrasie zaidi. Alikuwa akimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Bibi Kito," alisema.

"Naftali..."

"Ni wewe."

"Ni yeye," Mwamikazi alidakia. Sauti yake ilikuwa tulivu kama maji ya kwenye jagi. "Sasa umeona, Monsieur. Mimi nilifikiri nitakuzuia wewe usiingie katika nyumba yetu. Kumbe wa kuzuiwa alikuwa humu ndani. Pazia la baba yake ameliuza. Kilio chako amekiuza. Anayekula naye ndiye anayemwandika."

Naftali alisimama. Hakuaga. Alichukua koti lake, na Kemunto, akiwa amesahau hotpoti yake, akamfuata huku akifunika mdomo kwa mkono.

Euphrasie alitoka bila koti.

Baridi ilimkata pumzi. Alimfikia Naftali kwenye gari, akamshika mkono. Kemunto alikuwa ameshaingia ndani, akilia huku kioo kikijaa mvuke.

"Nisikilize, tafadhali."

"Watu wangapi, Frasia?" Hivyo ndivyo alivyomwita, kwa matamshi ya Kikenya, na siku zote jina hilo lilimpa joto. "Kundi lina watu wangapi?"

"Mia tisa."

"Watu mia tisa walijua kabla ya dada yangu."

"Sikuandika jina lako."

"Kazini kwako unaapa, sivyo?" Euphrasie alikuwa mkalimani wa hospitali; alitafsiri Kiswahili na Kifaransa kwa wagonjwa, na kweli alikuwa ameapa. "Mgonjwa akisema kitu mbele yako, huwezi kumwambia hata mama yako. Mimi sikukuapisha. Nilifikiri haihitajiki."

"Nilitaka wasomaji waone ulivyo. Nilitaka wakupende."

"Na wale waliocheka?" Alimtazama moja kwa moja. "Kwenye karamu. Wale ni kina nani?"

Upepo ulipiga gauni lake. Hapo ndipo Euphrasie alipopata nafasi ya kusema kweli, naye akaiona nafasi hiyo wazi kama mlango.

"Ni hadithi tu, Naftali," alisema. "Niliwatunga."

Naftali alitikisa kichwa mara moja. Alivua koti lake, akamvisha mabegani, akaingia garini na kuondoka akiwa na suti tu katika baridi ile.

Ndani, Mwamikazi alikuwa bado mezani. Mzee Birindwa alizungumza kwa dakika ishirini, kwa Kifaransa, kuhusu aibu. Mama alimwacha amalize.

"Mpaka Ijumaa," alisema. "Utawaambia watu wako kwamba hadithi imekwisha na kwamba ilikuwa uongo mtupu. La sivyo, sitakaa meza moja na mwanamume yeyote atakayekuja kukuposa. Huyu au mwingine."

"Nitawaandikia kesho, Mama," Euphrasie alijibu.

Mama yake alidhani ameshinda.

Jumatatu, baada ya kazi, Euphrasie aliketi katika fleti yake ndogo ya Richfield, ndege zikishuka juu ya paa, na kuandika. Alifuta, akaandika tena. Alikosea hata jina lake mwenyewe. Mwisho alituma maneno haya:

*Jina langu ni Euphrasie Birindwa. Mimi ni binti wa mwami, na pazia lile lilikuwa letu. Watu wa nyumbani kwangu sikuwaomba ruhusa. Nitawaomba msamaha uso kwa uso, lakini sitasema niliyoyaona ni uongo. Kisa cha mwanamume wa chumba cha kufulia sicho changu. Niliambiwa na mtu aliyeniamini, nikakichukua. Nimekiondoa. Nawaomba mkifute na ninyi. Hadithi itaendelea bila yeye.*

Kisha akaiweka simu kifudifudi na kutembea kutoka jikoni hadi mlangoni, mlangoni hadi jikoni. Simu ilitetemeka juu ya meza kama mdudu aliyepinduka. Alipoitazama, watu zaidi ya mia moja walikuwa wamejibu. Wengine walimpongeza. Wengine walimwita mwizi. Mzee Birindwa alikuwa ameacha ujumbe wa sauti: asikanyage harusi ya familia Brussels mwezi wa saba. Kutoka kwa Naftali hakukuwa na kitu.

Jumanne mchana mama yake alipiga simu. Euphrasie alijifungia kwenye ngazi za hospitali kabla ya kupokea, akijiandaa kwa matusi.

"Yule kijana," Mwamikazi alisema, bila salamu. "Kile kisa cha mashuka. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama."

"Na mashine ilipolia, alirudi kutandika vitanda?"

"Alirudi."

Euphrasie alisikia mama yake akivuta kiti na kuketi.

"Baba yako asingeweza," mama yake alisema. Kisha akakata simu.

Jumatano Naftali alikuja. Euphrasie alimwona mlangoni mwa kantini ya hospitali, akiwa bado na sare zake za kazi, akaweka uma chini. Alikuwa amekonda kwa siku tatu tu, au labda ni yeye aliyekuwa amemtazama vibaya siku zote. Naftali alivuta kiti, akakaa mkabala naye.

"Nimesikia ulichoandika," alisema. "Kemunto alinisomea. Jana usiku nilimsimulia mwenyewe, kutoka mwanzo. Tulilia kama watoto. Miaka minne, Frasia, na hatukuwahi kumlilia Baba pamoja." Alipitisha mkono usoni. "Kwa hivyo nilikuja kukwambia kwamba..."

"Usiseme bado."

"Kwa nini?"

Angeweza kunyamaza. Mwanamume alikuwa amekuja na msamaha mkononi. Ilikuwa ni kuupokea tu. Alikumbuka nje ya nyumba ya mama yake, upepo, na urahisi wa maneno yale manne, ni hadithi tu, Naftali.

"Nilikudanganya pale kwenye gari," alisema. "Wale waliocheka. Sikuwatunga wote. Nilimwambia binamu yangu wa Brussels kwenye simu. Nilikuwa nimekukumbuka, nilikuwa nataka kumweleza mtu ni mwanamume wa aina gani ninayempenda. Yeye ndiye aliyeuliza kuhusu mashuka. Alicheka."

Naftali hakusogea.

"Na wewe?"

"Nilinyamaza." Machozi yalikuwa yameanza, na hakuyafuta. "Sikucheka, lakini sikumkatiza. Nilisema, 'ngoja nikupigie baadaye.' Tumelelewa hivyo, Naftali. Mtu wetu akisema neno baya tunageuza mazungumzo. Niliona aibu wiki nzima. Ndiyo maana niliandika ile sura, nikamfanya yule binti kuwa mbaya kuliko mimi, ili nimchukie yeye. Sasa unajua. Ukitaka kuondoka, ondoka."

Mezani nyuma yao manesi wawili walikuwa wakigombania chumvi. Naftali aliutazama uso wake kwa muda mrefu, kama anavyomtazama mgonjwa anayesema haumwi. Euphrasie alihesabu pumzi zake. Alifika kumi na saba.

"Inauma," Naftali alisema hatimaye. "Nisikudanganye na mimi. Inauma zaidi ya Jumapili."

"Najua."

"Na sijui itapona lini."

"Najua."

"Usiseme 'najua' kila mara." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda, na ajabu, hasira hiyo ilimpa Euphrasie matumaini, ilikuwa hasira ya mtu ambaye bado yupo. "Nikikwambia jambo, likae hapa, kati yetu. Hapa, Frasia. Ukitaka kuliandika, uniulize. Nikikataa, nimekataa. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Na binamu yako nitataka kuzungumza naye."

"Nitampigia leo. Mbele yako."

"Si leo." Alisimama, akatazama saa ya ukutani, alikuwa na wagonjwa wa zamu ya mchana. "Jumapili nakwenda kwa Mwamikazi."

Euphrasie aliduwaa. "Kufanya nini? Alikwambia pale mezani kwamba alitaka kukuzuia."

"Niliinuka mbele ya mtu mzima nikaondoka bila kuaga. Baba asingenisamehe. Hilo ni kosa langu, lazima nilirekebishe mwenyewe." Alisita, kisha akamgusa shavu kwa nyuma ya vidole, haraka, kama anayepima homa. "Anaweza kunifungia mlango."

"Nitakufungulia mimi," Euphrasie alisema.

"Hapana," Naftali alisema. "Wewe utakuwa nje na mimi. Tutabisha pamoja."